Amiri Abdelkader: Mwislamu Aliyesimama Mlangoni Wakristo Wasiuawe



Vijana wenzangu, nadhani mnaikumbuka Dominika ya tarehe 20 Oktoba 2024. Siku hiyo Papa Fransisko alimtangaza Yosefu Allamano, mwanzilishi wa Wamisionari wa Consolata, kuwa mtakatifu. Huku kwetu, kuanzia Iringa hadi Nyeri, ilikuwa shangwe, maana wana na mabinti wa Allamano ndio waliowaletea wengi wa wazee wetu Injili. Lakini siku ile walitangazwa watakatifu kumi na wanne, na kumi na mmoja kati yao hatukuwazungumzia sana. Hao kumi na mmoja walikufa usiku mmoja, katika mji mmoja, ndani ya nyumba moja. Wanaitwa Wafiadini wa Dameski: watawa wanane Wafransisko, na ndugu watatu wa tumbo moja, walei wa Kanisa la Wamaroni, akina Massabki. Waliuawa usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Julai 1860 kwa sababu walikataa kuikana imani.

Sasa, kumbe usiku uleule, katika mji uleule, kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa anazunguka na watu wake akigonga milango ya Wakristo ili awatoe kabla moto haujawafikia. Aliokoa maelfu. Na mtu huyo alikuwa Mwislamu, tena mwanachuoni, tena mtu aliyewahi kupigana na jeshi la nchi ya Kikristo kwa miaka kumi na mitano. Jina lake ni Abdelkader. Sisi huku tungemwita Abdulkadir.

Najua wengine mtauliza: Frateri, blogu ya vijana Wakatoliki, na unatusimulia habari za amiri wa Kiislamu? Ndiyo. Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, hakumchagua kuhani wala Mlawi kuwa mfano. Alimchagua Msamaria. Kwa hiyo tulieni kidogo, tumsikilize Msamaria huyu.

Mtoto wa sheikh

Abdelkader alizaliwa mwaka 1808 karibu na mji wa Mascara, magharibi mwa Algeria. Baba yake, Muhyi al-Din, alikuwa sheikh wa tarika ya Qadiriyya. Hii tarika si ngeni kwetu. Ina wafuasi Zanzibar, Bagamoyo na sehemu nyingine za pwani yetu mpaka leo. Kijana huyu alikulia katika sala, masomo na farasi. Akiwa bado hajafika miaka ishirini alikwenda Makka kuhiji pamoja na baba yake, na safari hiyo ikawapitisha Dameski na Baghdad. Ukimtazama wakati huo ungesema huyu atakuwa mwalimu wa chuo, atazeeka katikati ya vitabu vyake. Naye mwenyewe hakutaka zaidi ya hapo.

Mwaka 1830 Ufaransa ikaiteka Algiers. Mwaka 1832, mwezi Novemba, makabila ya magharibi yakamchagua Abdelkader awe amiri wao. Alikuwa na miaka ishirini na minne tu. Hebu fikiria umri huo. Wengi wetu kwa umri huo bado tunatafuta kazi, au kama mimi, ndiyo kwanza tumetoka falsafa. Yeye alikabidhiwa vita.

Vita iliyochafua mikono ya kila upande

Hapa lazima tuseme ukweli wote, hata ule unaotuuma sisi. Jeshi la Ufaransa lilikwenda Algeria kwa sababu za siasa na ardhi, lakini wapo waliolivika joho la dini. Mwaka 1832 msikiti wa Ketchaoua, katikati ya Algiers, ulichukuliwa kwa nguvu ukageuzwa kanisa, na baadaye likawa Kanisa Kuu. Msalaba ukasimamishwa juu ya jengo ambalo watu walikuwa wamenyang'anywa. Kijana wa Kiislamu wa Algiers aliyepita pale kila siku, unafikiri alijifunza nini kuhusu Kristo?

Vita ilipokolea, Jenerali Bugeaud aliagiza vijiji vichomwe, ghala za nafaka ziharibiwe, mifugo ichukuliwe, ili watu wasalimu amri kwa njaa. Mwezi Juni 1845 katika milima ya Dahra, watu wa kabila la Ouled Riah walikimbilia pangoni, wanaume kwa wanawake na watoto. Kanali Pélissier akaamuru moto uwashwe kwenye mdomo wa pango. Mamia walikufa kwa moshi. Si askari, jamani. Watu wa kawaida, na mbuzi wao.

Upande wa pili nao haukubaki msafi. Mwaka 1846 askari wa Kifaransa waliokuwa mateka katika kambi ya Abdelkader waliuawa, zaidi ya mia mbili, yeye mwenyewe akiwa mbali na kambi ile. Wanahistoria wengi wanasema agizo lilitoka kwa wasaidizi wake. Lakini damu ilimwagika chini ya bendera yake, na doa hilo halikufutika. Sikuandiki haya ili kumchafua. Nayaandika ili usije ukadhani nakupa malaika. Vita ya namna hii haimwachi mtu akiwa mweupe.

Hata hivyo, katikati ya ukatili ule, Abdelkader alikuwa ameshaanza kufanya jambo ambalo wakati huo halikuwa la kawaida. Kwa watu wake kulikuwa na desturi ya kuleta vichwa vya maadui ili kupata zawadi. Yeye akaigeuza: zawadi itatolewa kwa anayemleta mfungwa akiwa hai, na ikiwa mfungwa analalamika kwamba ameteswa, zawadi hakuna. Mfungwa akawa mtu tena.

Barua ya askofu

Askofu wa kwanza wa Algiers aliitwa Antoine-Adolphe Dupuch. Mke wa mfungwa mmoja Mfaransa alimwendea akilia, na askofu akaamua kumwandikia amiri, mtu ambaye hawajawahi kuonana, akiomba mfungwa huyo mmoja aachiliwe. Jibu lililokuja lilimshtua. Abdelkader alimweleza kwamba kama kweli ni mtumishi wa Mungu na rafiki wa watu, alipaswa kuomba wafungwa wote, si mmoja. Tena alipaswa kuwakumbuka na Waislamu waliokuwa wanaozea katika magereza ya Wafaransa.

Yaani Mwislamu ndiye aliyemkumbusha askofu upana wa huruma. Na sifa kwa Dupuch: hakukasirika. Alikubali, akahangaika upande wake, na mwaka 1841 wafungwa wa pande zote mbili wakabadilishwa, wakarudi kwa watoto wao. Tangu hapo wawili hao wakawa marafiki. Na amiri aliruhusu wafungwa Wakristo waliobaki kwake wapate huduma ya padre.

Mimi huwa naisoma habari hii nikijiuliza swali dogo: sisi tunapowaombea wanaoteswa, katika nia za Misa au jumuiya, orodha yetu inaishia wapi?

Ahadi iliyovunjwa

Desemba 1847, akiwa amezungukwa na amechoka kuona watu wake wakifa, Abdelkader alisalimu amri. Masharti yalikuwa wazi: apelekwe Alexandria au Akka, akaishi kwa amani. Makamanda wakaahidi. Serikali ya Paris ikavunja ahadi. Badala ya Mashariki, alijikuta Toulon, kisha Pau, kisha ngome ya Amboise, pamoja na mama yake, wake zake, watoto na wafuasi wake. Karibu miaka mitano. Zaidi ya watu ishirini wa msafara ule, wakiwemo watoto wadogo, walikufa Amboise na wamezikwa pale pale.

Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuwachukia Wakristo, ni huyu. Nchi yao ilichoma vijiji vyake, ilimdanganya, ikazika watoto wa watu wake kwenye ardhi ya baridi. Lakini Askofu Dupuch alikwenda kumtembelea kifungoni, akaandika kitabu kumtetea mbele ya Wafaransa wenzake. Wapo mapadre, masista na watu wa kawaida waliomtembelea. Na Abdelkader akafanya kitu kigumu sana: alikataa kuwaweka wote katika kapu moja. Waliomdanganya aliwajua kwa majina yao. Waliomtembelea pia aliwajua kwa majina yao.

Oktoba 1852 Louis-Napoléon alimwachilia. Aliishi kwanza Bursa, Uturuki, na mwishoni mwa 1855 akahamia Dameski. Waalgeria mia kadhaa walikuwa naye huko. Alifundisha katika Msikiti wa Umayya, akasali, akaandika. Alidhani amemaliza na vita.

Jinsi moto unavyokokwa

Dameski unaujua kutoka Biblia. Ndipo Sauli alipoingia akiwa kipofu, ndipo Anania alipomwekea mikono. Mtaa wa Wakristo, Bab Tuma, yaani Lango la Toma, uko karibu na mahali hapo hapo. Waislamu, Wakristo na Wayahudi walikuwa wameishi pamoja mji huo kwa karne nyingi. Si kwa usawa, lakini walinunua na kuuziana, wakazikana.

Mambo yaliharibika polepole. Mwaka 1856 Sultani wa Waturuki alitangaza kwamba raia wa dini zote ni sawa. Ni jambo jema, lakini Waislamu wengi waliona limeshinikizwa na mataifa ya Ulaya. Vitambaa vya viwanda vya Ulaya vilikuwa vimewaharibia soko wafumaji wa mjini, huku baadhi ya wafanyabiashara Wakristo, wakilindwa na mabalozi, wakizidi kutajirika na wengine kujionyesha. Mfumaji aliyekosa mkate hakuwaona wenye viwanda vya mbali. Aliyemwona ni jirani yake mwenye msalaba mlangoni.

Katika milima ya Lebanon, nako Wamaroni, ambao ni Wakatoliki wenzetu, na Wadruzi walikuwa wanatazamana kwa jicho baya. Pande zote zilikusanya bunduki. Pande zote zilitishana. Hata baadhi ya viongozi wa Kanisa waliwahimiza vijana wajiandae kwa vita badala ya kuwatuliza. Vita ilipolipuka masika ya 1860, vijiji vilichomwa huku na huku, kisha Wadruzi wakapata nguvu, na katika miji kama Hasbaya, Rashaya na Deir al-Qamar, Wakristo waliokwisha kunyang'anywa silaha walichinjwa. Waliobaki wakakimbilia Dameski, maelfu, hawana kitu.

Hapo ndipo uvumi ulipoingia kazini. Wakristo walisikia kwamba watavamiwa siku ya Idi. Waislamu nao wakasikia kwamba Wakristo ndio watakaowavamia wao wakiwa msikitini. Kila upande ulikuwa unaogopa, na kila upande uliuona woga wa mwenzake kama maandalizi ya vita. Abdelkader alimwendea gavana, Ahmed Pasha, zaidi ya mara moja, akimwonya. Alituliza viongozi wa Wadruzi. Na kwa kuwa hakuwa na imani na gavana, aliwaandaa watu wake.

Tarehe 9 Julai

Cheche yenyewe ilikuwa ndogo, utadhani mchezo wa watoto. Vijana fulani walichora misalaba barabarani ili Wakristo wapite wakiikanyaga. Wakakamatwa. Adhabu yao: wafungwe minyororo na kufagia mitaa ya Wakristo mbele ya watu. Ndugu zao walipowaona katika hali ile, wakapiga kelele. Maduka yakafungwa. Umati ukaelekea Bab Tuma. Askari wa serikali wengine walitazama tu, wengine wakajiunga. Nyumba, makanisa, shule na ofisi za mabalozi vikaanza kuungua.

Abdelkader wakati huo alikuwa nje ya mji, kwenye mazungumzo na Wadruzi. Aliporudi alikuta moshi. Hakwenda kujifungia. Alichukua Waalgeria wake na wanawe, wakaingia katika vichochoro vya mtaa unaowaka, wakiita watu watoke, wakiwazunguka na kuwapeleka nyumbani kwake. Aliwachukua Masista wa Upendo wa Mtakatifu Visenti wa Paulo, mapadre wa shirika la Mtakatifu Visenti na watoto wa shule yao. Aliwahifadhi mabalozi, akiwemo wa Ufaransa, nchi iliyomfunga. Nyumba ilipojaa hadi hakuna pa kukaa, aliwahamishia watu katika ngome ya mji, kundi baada ya kundi, ili nafasi ipatikane kwa wengine.

Inasimuliwa kwamba watu wake walifika pia kwa Wafransisko na kuwasihi waondoke. Watawa wakaona kuta za nyumba yao ni nene na mlango ni imara, wakabaki, wakafungua mlango kwa Wakristo waliokimbilia kwao, wakiwemo ndugu watatu Massabki. Usiku wauaji waliingia kwa mlango mdogo wa nyuma. Padre Manuel Ruiz, mkuu wa nyumba, alikimbilia kanisani akazipokea hostia zote zilizobaki ili zisinajisiwe, kisha akauawa karibu na altare. Wengine waliuawa mmoja mmoja, kila mmoja akiwa amepewa nafasi ya kuikana imani na kuikataa. Hawa ndio tunaowakumbuka tarehe 10 Julai.

Baadaye umati ulifika mlangoni kwa Abdelkader. Walitaka awatoe Wakristo. Hao hawakuwa wageni kwake. Walikuwa watu wa dini yake, wengine huenda walishasikiliza darasa zake msikitini. Alitoka mbele yao. Aliwaambia kwamba wanachofanya ni haramu kwa dini hiyohiyo wanayodai kuitetea, na kwamba hatamtoa mtu hata mmoja maadamu bado ana askari mmoja aliye hai. Umati ukarudi nyuma. Kisha akatangaza zawadi ya fedha kwa kila atakayemleta Mkristo akiwa hai. Wanasema kwa siku kadhaa alilala mkekani, sehemu ya kuingilia ya nyumba yake, akipokea watu na kulipa. Ile kanuni ya vita ya Algeria, ya kumfanya binadamu awe na thamani akiwa hai, ilirudi kuokoa Wakristo wa Dameski.

Na hakuwa peke yake. Katika mtaa wa Midan, Waislamu wa kawaida, ambao majina yao mengi hatuyajui, waliwaficha majirani zao Wakristo majumbani mwao na kuwazuia wauaji wasiingie mtaani. Hawakuwa na askari wala hawakuwa maamiri. Walikuwa na mlango tu, na wakausimamia.

Baada ya moshi

Bab Tuma iliungua karibu yote. Waliouawa Dameski walikuwa maelfu. Sultani alimtuma Fuad Pasha kutoa adhabu: zaidi ya watu mia moja waliuawa kwa hukumu, akiwemo gavana Ahmed Pasha, na mji ukatozwa kodi nzito ambayo iliwaangukia hata Waislamu waliowaficha Wakristo. Ndivyo ilivyo siku zote. Wachache huwasha, na wengi hulipa.

Heshima zilimfikia Abdelkader kutoka kila mahali. Papa Pius IX alimpa nishani ya Kipapa. Ufaransa ilimpa nishani yake ya juu kabisa. Rais Abraham Lincoln wa Marekani alimtumia jozi ya bastola. Imamu Shamil, mpiganaji maarufu wa Kiislamu wa Dagestan, aliyekuwa kifungoni Urusi, alimwandikia kumpongeza kwa kufuata dini kwa usahihi. Naye jibu lake kwa wote lilikuwa lilelile kwa maana: alifanya alichowajibika kufanya kwa sheria ya dini yake na kwa haki ya ubinadamu.

Mmoja wa waliokwenda kumshukuru alikuwa padre kijana kutoka Paris, aliyeleta misaada kwa wahanga. Aliitwa Charles Lavigerie. Ndiyo, huyohuyo. Mwaka 1867 akawa Askofu Mkuu wa Algiers, mwaka 1868 akaanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, na mwaka 1878 watoto wake walifika Tabora, mwaka uliofuata Buganda. Imani ya wengi wetu imepitia mikono ya mtu ambaye aliona kwa macho yake majivu ya Dameski na akamshukuru uso kwa uso Mwislamu aliyeokoa Wakristo.

Abdelkader alifariki Dameski mwezi Mei 1883. Mwaka 1966 mwili wake ulirudishwa Algeria huru.

Sasa sisi je?

Katika somo la mantiki tunafundishwa mapema kabisa kwamba kutoka kwenye neno baadhi huwezi kuruka hadi neno wote. Baadhi ya Waislamu waliua, kwa hiyo Waislamu wote ni wauaji: hoja hiyo imekufa kabla haijasimama. Baadhi ya Wakristo walichoma pango la Dahra, kwa hiyo Wakristo wote ni maadui: nayo ni maiti. Lakini kosa hili la darasani likiingia mtaani, halikosi alama za mtihani, linakosesha watu uhai.

Na tusidhani ugonjwa huu ni wa upande mmoja. Buganda, miaka michache tu baada ya Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikani, kuuawa kwa imani moja kwa Kristo mmoja, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana kwa bunduki pale Mengo, Januari 1892. Damu ya wafiadini ilikuwa bado haijakauka, na waliobaki wakaanza kumwaga nyingine, wao kwa wao.

Hata karibu zaidi. Aprili 2015, Garissa, wanafunzi wa chuo kikuu wa umri wetu waliuawa, magaidi wakiwatenga Wakristo. Hatuwezi kusahau. Lakini mwaka mmoja kabla, baada ya mashambulizi ya mabomu, maelfu ya Wasomali wa Eastleigh walisombwa na kuwekwa uwanja wa Kasarani, wengi hawana hatia yoyote ila sura na dini. Na Desemba 2015, karibu na Mandera, magaidi walisimamisha basi wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Waliwafunika Wakristo, wengine waliwapa mavazi yao. Mwalimu mmoja Mwislamu alipigwa risasi siku ile na baadaye akafa. Mtaa wa Midan ulikuwa ndani ya basi lile.

Kwa mtazamo wangu, hapa ndipo kilipo kiini. Kumkemea mwenye siasa kali wa dini nyingine ni rahisi. Utapigiwa makofi na watu wako. Abdelkader alisimama mbele ya watu wake mwenyewe. Hicho ndicho kinachogharimu. Kwa hiyo swali langu kwako si kama unalaani wauaji wa Dameski. Swali ni hili: kwenye kundi la WhatsApp la kwaya yenu, mtu anaporusha sauti isiyo na jina inayosema wenzetu wa msikitini wanapanga hivi na vile, wewe unafanya nini? Unaituma mbele? Unanyamaza? Au unasimama mlangoni?

Kumheshimu Abdelkader hakupunguzi hata chembe ya imani yetu. Akina Massabki walikufa wakisema Yesu ni Bwana, na sisi tunasema hivyo hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulituomba sisi na Waislamu tuyaweke nyuma ya migongo yetu magomvi ya zamani na tutafute kuelewana kwa dhati. Wafiadini wanatufundisha jinsi ya kufa kwa ajili ya imani bila kuua mtu. Amiri anatufundisha kwamba aliyetuumiza jana hana uwezo wa kutuamulia nani wa kumchukia leo.

Kwa tafakari yako wiki hii

Ni Mwislamu gani, au Mkristo wa dhehebu jingine, unayemjua kwa jina na hujawahi kumtembelea? Je, ni neno gani la dharau juu ya dini za wengine limezoeleka nyumbani kwenu au kwenye kikundi chenu? Na watu wako wakikusanyika kwa hasira, nani atategemea mlango wako?

Tuombe

Ee Mungu, Baba wa watu wote, uliwapa Wafiadini wa Dameski nguvu ya kukushuhudia hadi kufa, na ukaweka katika moyo wa mtumishi wako Abdelkader ujasiri wa kuwalinda wasio na hatia. Utuondolee woga unaozaa chuki. Utupe ulimi unaozima uvumi na mlango unaofunguka kwa jirani. Wafariji wote waliofiwa kwa sababu ya ushupavu wa dini, uwaguse waliokengeuka, na utufanye vyombo vya amani yako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Watakatifu Manuel Ruiz na wenzake, Francis, Abdel Moati na Raphael Massabki, mtuombee.

Mbaki na amani ya Bwana. Frateri wenu.